Tiketi ya Bei Nafuu ya Melkior

Mtu akitaka kuniona nimepandwa na hasira, anitajie tu neno “ofa”. Hata iwe ofa ya sabuni.

Dada yangu Dominika ni mjane wa hapa Uru, ana migomba yake, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja na ndama wake. Hana makuu. Lakini mwanamke akijifungua huku kwetu, anayeitwa ni yeye. Anamkanda mzazi kwa maji ya moto, anampikia mtori, anashinda naye hapo mpaka asimame. Wake za watu wangapi wamemminya mkono kwa uchungu! Basi binti yake Elinipendo, nesi huko Ujerumani, alipopata mimba, hakuna aliyeuliza nani ataenda. Mumewe Mathew alikuwa bado anahangaishwa na viza hapa Moshi, na msichana alikuwa peke yake kabisa. Aliomba kitu kimoja tu.

“Mama, sitaki zawadi wala nini. Siku ya uchungu unishike mkono.”

Mambo ya safari akapewa Melkior, kaka yake Elinipendo, mwenye duka la simu mjini, anayejiona intaneti aliigundua yeye. Ndege akakata. Ikabaki treni, maana kutoka uwanja wa ndege hadi mji wa Elinipendo ni mbali. Akatukalisha sebuleni akatueleza: kuna tiketi ya bei nafuu, ya treni moja tu, ikikuacha imekufa, na kuna ya bei kubwa, unapanda treni yoyote ya siku ile.

“Kata hiyo ya treni yoyote,” Dominika akasema papo hapo.

“Mama, bei yake ni zaidi ya mara mbili!”

“Nitauza ndama. Mimi safari za watu wa uchungu nazijua, hazipangiki.”

“Ah, Mama, kule siyo Bongo. Kule kila kitu kinakwenda kwa dakika.”

Ndama akauzwa, nilimshika kamba mimi mwenyewe. Melkior akachukua hela, akakata ya bei nafuu. Alitwambia siku ya kuondoka, tena anacheka, eti chenji atamnunulia mtoto nguo. Nyoo! Nani alikutuma nguo?

Ndege ikachelewa kwa sababu ya ukungu. Hilo simlaumu mtu. Dominika anafika, treni yake imeshaondoka. Akaonyeshwa nyingine ya mji uleule, akapanda, akakaa na mfuko wake wa unga wa ndizi. Akaja dada mkagua tiketi, akaitazama, akatikisa kichwa, akamwonyesha saa. Kituo kilichofuata wakamshusha. Kwa adabu, ndiyo, lakini wakamshusha. Yesu na Maria! Bibi mzima, baridi ya Januari, na shali ya kanisani.

Akampigia Melkior. Mimi nilikuwa pale dukani, kwa sababu Elinipendo alikuwa ameshanipigia analia: uchungu umeanza.

“Kata nyingine sasa hivi,” nikamwambia. “Dada yako anajifungua!”

Akainama kwenye simu yake. Kidole kinapanda, kidole kinashuka.

“Inayofuata wameipandisha sana, mama mdogo. Hii ya jioni ina ofa.”

Na akabonyeza. Haki ya Mungu, alibonyeza mbele ya macho yangu, kabla sijaruka ile meza nimnyang'anye. Nilimtukana mpaka wateja wakatoka. Hata sasa nikipita pale dukani, mkono unaniwasha.

Dominika akakaa kwenye benchi. Jina la mji wa mwanawe alikuwa ameandikiwa kwenye karatasi, na kila treni iliyokuja akalilinganisha na lile la ubaoni. Zilikuja, zikafunguka milango, watu wakapanda, zikaenda kwa mwanawe. Yeye akabaki.

Alipofika, mtoto ameshazaliwa, ameoshwa, amefungwa shuka. Wa kike, mzima wa afya. Dominika akaushika ule mkono, ukiwa hauna kazi naye tena. Elinipendo hakumlaumu. Alisema tu, “Mama, nilikuita mpaka sauti ikakauka.”

Dominika aliporudi nyumbani, baada ya kumlea mzazi miezi mitatu, Melkior akaja na jani la isale. Kwetu mtu akikuletea isale kukuomba msamaha humfukuzi, hata kama alikuchomea nyumba. Akapiga magoti jikoni. Mimi nikasema moyoni, haya, amepona, mjanja huyu. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka.

Dominika alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu, akanawa mikono, akalitazama lile jani.

“Mimi nilikaa kwenye benchi tu, mwanangu. Benchi halikunifanya kitu. Aliyeita akakosa wa kumshika mkono ni dada yako. Hilo jani ni lake, mpelekee.”

“Mama, mpaka Ujerumani?”

“Mpaka Ujerumani,” dada yangu akasema, akachukua tena kisu chake. “Na treni, kata ile ya bei nafuu.”