Shira ya Waridi na Jirani Asiyesalimiwa

Mama Chupa hakupewa jina hilo kwa heshima. Alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita. Mashine mpya zilipoingia, wakamwambia asante, akarudi nyumbani na magunia mawili ya chupa tupu alizookota huko. Watu wakacheka. Acha wacheke, meno ni yao.

Tangu hapo akawa anapikia kwenye jiko la wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Na jiko la mtu lina masimango mengi kuliko moshi. Ukichelewa kuosha sufuria utasikia. Ukiwahi, utasikia vilevile.

Ndipo mwoka keki wa barabara ya pili akaonja shira yake ya waridi, akasema, "Niletee chupa sita Jumamosi saa nne. Zikiwa kama hii, nachukua sita kila wiki." Chupa sita kila wiki ni jiko lake mwenyewe. Mama Chupa hakutaka kingine duniani.

Shira ya waridi haitaki papara. Kila petali unaikata kile cheupe cha chini, maana ndicho chenye uchungu. Unamwagia maji ya moto, unafunika mpaka asubuhi. Usitokose, itakuwa na ladha ya majani makavu. Asubuhi petali zimepauka kama kitambaa cha deki; ukikamulia limau, maji yanaiva wekundu kama mtu aliyetukanwa. Halafu sukari, moto mdogo, na subira.

Alhamisi alivua mti wake mmoja maua yote. Ijumaa alfajiri akafunua sufuria, akakuta imejaa hadi ukingoni, na harufu ya dawa ya wadudu ikampiga puani.

"Wifi! Nani kagusa sufuria yangu?"

"Mimi. Yalikuwa machache, nikakuongezea. Muuza maua alikuwa anayatupa, nikamwomba. Badala ya kunishukuru unanibwekea?"

"Haya yamepuliziwa dawa. Hayaliwi!"

"Ua ni ua. Wewe na maringo yako ya chupa."

Mwingine angechuja akanyamaza, sukari inaficha mengi. Mama Chupa aliibeba sufuria hadi mtaroni, akamwaga yote, akaisugua kwa majivu mara tatu.

"Ukigusa tena chombo changu, wifi, tutaonana wabaya."

"Ndani ya jiko la nani?"

Neno hilo ndilo lililomuuma.

Mti wake ulikuwa mtupu. Waridi zisizopuliziwa kitu zilikuwa ukutani kwa mke wa fundi saa, nyumba ya tatu. Na huyo walikuwa hawajasalimiana miaka kumi na moja, tangu aliposema kwenye msiba wa mume wa Mama Chupa, watu wanasikia, kwamba marehemu amekufa kwa uvivu wa kupumua. Neno kama hilo halisameheki, na Mama Chupa hakulisamehe. Alichukua mkasi na kikapu, akaenda kugonga.

"Nimefuata maua. Sikukufuata wewe."

Mke wa fundi saa akautazama mkasi, kisha uso. "Mangapi?"

"Yote."

"Ya nini?"

"Nataka kutoka jikoni kwa wifi yangu."

"Yule?" Akampisha mlangoni. "Chuma. Ila usinisalimie."

"Nani akusalimie?"

"Na chupa moja yangu."

"Ndogo."

"Kubwa. Umwagiliaji nimeufanya mimi."

Alichuma mpaka miiba ikamchora mikono yote. Akakata vyeupe petali moja moja, mgongo ukimlilia. Safari hii sufuria ililala chumbani kwake, mlango umetiwa komeo.

Jumamosi mwoka keki alichovya kidole, akalamba. Akachovya tena.

"Mbona tano?"

"Ya sita ni ya mwenye maua. Na maua ya jana niliyamwaga, yalikuwa na dawa."

"Yote?"

"Ningekuletea ufe?"

Mwoka keki akazipanga rafuni. "Wiki ijayo sita kamili."

"Utazipata."

Kila Alhamisi sasa anachuma ukutani kwa mke wa fundi saa, anaacha chupa dirishani, wala hakuna anayefungua kinywa.

Mwezi wa tatu wa biashara hiyo akaingiza jiko dogo la gesi chumbani kwake. Wifi akaja kuegemea mlango, sauti imekuwa asali.

"Mkaa wangu umeisha. Tupike pamoja basi, wifi yangu."

"Pamoja na nani?" akasema Mama Chupa, akafunika sufuria.