Fundi Mwenye Picha Nzuri

Mshona mapazia mmoja alitaka kuongeza chumba nyuma ya nyumba yake, mama yake ahamie humo, maana magoti ya bibi huyo yalikuwa yamegoma kupanda ngazi za ghorofani alikoishi. Shemeji yake akamletea fundi mwenye maneno matamu. Fundi akatoa simu, akamwonyesha picha za vyumba alivyodai kuvijenga.

Mshonaji alizitazama moja moja bila kutabasamu. Kwenye picha ya nne aliona pazia la kijani lenye marinda mapana. Alikuwa amelishona mwenyewe.

"Nitakujibu kesho, fundi," alisema tu.

Jioni alikwenda kwa mwenye pazia.

"Huyo?" mteja wake alishangaa. "Hapa alipaka rangi tu. Aliyejenga ni mzee mmoja mkimya."

Shemeji alipopata habari alibaki kujikuna kichwa. "Lakini shemeji, anaongea vizuri."

"Hicho ndicho kilichonitia wasiwasi."

Mzee mkimya alipokuja, aliomba jembe, akachimba kando ya ukuta mpaka akaufikia msingi.

"Huu hautabeba chumba kingine," alisema. "Itabidi tuweke msingi mpya, na tutachelewa wiki mbili."

Hapo mshonaji akampa kazi. Hata hivyo alihamishia cherehani uani, akawa anashona huku akihesabu ndoo za mchanga kwa kila mfuko wa saruji. Mzee alimwacha ahesabu. Mama alihamia kabla ya mvua, na ukuta haujapata ufa hadi leo, ingawa binti yake bado huukagua kila wiki.