Swali la Kazungu Darasani

Jamani, leo mwalimu wetu wa afya amelia mbele ya darasa.

Alikuwa akitueleza kwamba kisima kilicho karibu na choo huleta kuhara, na maji yake lazima yachemshwe.

Kazungu akasimama. Babake angali vitani Burma, na wiki jana Kazungu alimzika dadake mdogo.

"Mwalimu, dadangu alipokuwa akihara nilimnywesha maji ya kisima chetu cha Chaani. Choo kiko pale pale. Basi ni mimi niliyemuua?"



"La, mwanangu. Hukujua. Sisi ndio tuliochelewa kukwambia." Machozi yakamtoka mwalimu.

Kengele ikalia, hatukuinuka.

Njiani Kazungu akaniambia, "Nitamwambia mama achemshe maji. Sababu sitamwambia."

Nyinyi mngemwambia?