Meja, Dodoma na Kompyuta Mbili

Enzi zetu, sisi watoto wa Endamarariek, Jumamosi ilikuwa haifiki. Mimi nilizaliwa sina subira, mama yangu alikuwa akisema nilitoka tumboni nikiuliza chakula kiko wapi, kwa hiyo siku hiyo nilikuwa barabarani tangu asubuhi. Malori ya vitunguu kutoka Mang'ola yalikuwa yakipita na vumbi lake, sisi tunayakimbilia nyuma kuokota vilivyodondoka, na mwenzangu wa kukimbia alikuwa Basilisa. Tulikuwa tunakaa dawati moja shuleni, tunakula makande bakuli moja. Tulichokuwa tunasubiri ni baiskeli mbili. Baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la kahawa huko juu karibu na msitu, na Baba Basilisa alikuwa karani wa hospitali ya misheni. Jumatatu wanaondoka pamoja, Jumamosi wanarudi pamoja, wakibishana tangu mlimani mpaka mlangoni.

Na kulikuwa na ng'ombe. Sisi tulikuwa na maksai mmoja, Meja, na akina Basilisa mmoja, Dodoma. Ng'ombe mmoja halimi, hilo kila mtoto wa kwetu alilijua kabla ya kujua a-e-i-o-u. Basi mvua za kwanza zikinyesha, Meja na Dodoma wanafungwa nira moja, wanalima kwetu, kisha kwao, na mwaka unaofuata tunaanzia kwao. Meja alifundishwa kulia, Dodoma kushoto. Hakuna aliyeandikiana mkataba, ilikuwa tu ndivyo watu wanavyoishi.

Sasa, mwaka ule zikaja kompyuta. Ya shamba la kahawa ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani. Ya misheni ilikuwa na kioo cheupe, na kidude chenye mkia ambacho unakisukuma mezani na kitu kinatembea huko ndani. Kijiji kizima walioziona ni baba zetu wawili tu, na kila mmoja alirudi kama aliyeoa mashine yake. Baba alisema mashine yake ni ya watu wa kazi, inataka uzijue amri zake, haichekicheki. Baba Basilisa alisema yake hata mtoto anaitumia. Baba akajibu, "Ndiyo maana wamekupa wewe." Walicheka siku hiyo, nakumbuka vizuri, pombe ya mtama ikawapalia.

Sisi watoto tukalichukua kama vita. Tulifinyanga kompyuta kwa udongo wa mtoni, vitufe vyake punje za mahindi na maharage. Yetu tuliibandika jani bichi mahali pa kioo, yao waliipaka majivu. Wao wanatuimbia, "Kijani, kijani, mboga ya jana!" Sisi tunawajibu, "Nyeupe, nyeupe, uji wa mgonjwa!" Nilimrushia Basilisa tope lenye kokoto shavuni kwa ajili ya mashine ambayo sijawahi hata kuisikia ikinguruma. Akahama dawati. Mimi nikajifanya sijali, na usiku nikalia mpaka mama akauliza kama ni jino.

Kisha ikaja jubilei ya parokia, na hapo ndipo mchezo ulipoisha. Kwaya ilitaka kitabu cha nyimbo. Baba akachapa nusu kule shambani, kila mchana wenzake wakila yeye anachapa. Baba Basilisa akachapa nusu nyingine, na zote zilikuwa zitolewe misheni, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mashine ya kutolea karatasi. Baba akafunga disketi yake yenye nyimbo kwenye leso, akaitia mfuko wa shati, akashuka nayo kwa baiskeli kama mtu aliyebeba yai. Disketi za wote wawili zilifanana umbo kabisa, nani angejua kwamba hazisikilizani? Mashine ya misheni ikaimeza, ikasema haiielewi, ikauliza kwa adabu zote kama iitayarishe upya. Na Baba Basilisa, alivyolelewa, mtu akikuomba ruhusa kwa upole humkatalii. Akakubali. Nyimbo zote za baba zikafutika hapohapo, naye amesimama nyuma ya kiti anaangalia.

"Umefuta makusudi," baba alisema.

"Iliniuliza vizuri, nikaitikia! Kwani yako haijui kuuliza?"

Walirudi kila mtu na njia yake. Jumapili hawakukaa benchi moja. Halafu mvua zikanyesha, harufu ya udongo ikajaa kijiji, majirani wakaanza kulima alfajiri, na Meja wetu amesimama zizini anatafuna. Baba akasema ataazima ng'ombe kwa mzee wa ng'ambo ya mto. Akaazima. Lakini ng'ombe yule naye alikuwa wa kulia, na Meja ukimweka kushoto analala chini kwenye mtaro kama mtu aliyefiwa. Kwa akina Basilisa nako Dodoma alifungwa na ng'ombe wa mjomba wao, akamburuza mwenzake mpaka kwenye ua wa katani. Siku zikapita. Ardhi ikaanza kukauka juu. Mimi niliogopa, nasema wazi, kwa sababu nilimsikia mama akipima mahindi ya ghalani kwa kikombe badala ya debe.

Jumamosi moja mama aliniamsha kabla jogoo hajamaliza. "Mtoe Meja," akasema. Tulipofika mpakani mwa mashamba, Mama Basilisa alikuwa amesimama pale na Dodoma, na Basilisa ameshika kamba. Kumbe walikwisha kupanga kisimani. Hawakusalimiana sana. Mama alisema kwa Kiiraqw, nami nawapa kwa Kiswahili, "Wao wafunge mashine zao. Sisi tufunge ng'ombe." Mwanamke kushika plau ilikuwa habari ya kijiji kizima, watu wakasimama njiani. Meja akaenda kulia mwenyewe, Dodoma kushoto mwenyewe, bila kuambiwa. Mimi na Basilisa tukavuta mbele, kamba moja, hatuangaliani. Kisha akasema polepole, "Shavu langu halikupona haraka." Nikamwambia arudi dawatini. Akasema atafikiri.

Baba alifika mchana. Alisimama na baiskeli, akaangalia mistari ya mama ilivyopinda, akavumilia kidogo, akashindwa. "Huo mstari ni wa kupitishia nyoka," akasema, akavua koti, akashika plau. Baba Basilisa alikuja nyuma yake kitambo, naye alipoona hakuna wa kuwaswaga ng'ombe, akachukua fimbo. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Walilima mpaka giza. Kwenye ugali ndipo baba aliposema, "Ile yako haijui kusoma." Baba Basilisa akameza tonge. "Na yako haijui kuuliza." Mama zetu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kwaya iliimba jubilei bila kitabu, kwa vichwa vyao, na mahindi yalichelewa lakini yalitoka. Jumatatu Basilisa alikuwa dawatini kwangu.

Leo vijana wetu, wangu na wa Basilisa, wote wanaendesha watalii kutoka Karatu kwenda kreta kuangalia wanyama. Wamegombana kwa ajili ya simu. Mmoja ana ile ambayo chaja ya mwenzake haiingii, wakaanza kutaniana nani mshamba, wakafika kutukanana ukoo, sasa mmoja amemzuia mwingine asimpigie. Msicheke, sisi tulirushiana tope kwa ajili ya udongo wenye maharage. Lakini wao nimewasubiri, na mnajua mimi kusubiri siwezi. Nikafikiri, mvua zikija watakutana shambani.

Juzi zimekuja. Basilisa akanipigia asubuhi.

"Watoto wamepatana?"

"Bado."

"Na kulima?"

Nilichungulia dirishani. Shamba lote lilikuwa jeusi, limepinduliwa kutoka mpaka hadi mpaka, na dereva wa trekta aliyoikodi kijana wangu alikuwa ameshaondoka bila hata kushuka chini.

"Limeshalimwa," nikamwambia.