Jirani yangu wa Turffontein alimchora mwanangu mguu, nikaingia kwake bila hodi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni mtu wa kuchungulia na kupita. Ila hili nikilimeza litanikaba. Ni la kweli tupu, limetokea uani kwangu mwaka huu huu wa 2017, na mhusika yupo, ana afya yake. Majina tu nimebadilisha.

Naishi Joburg, Turffontein, huku kusini kwenye uwanja wa mbio za farasi. Nyumba yetu ni zile za kupanga vyumba: ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia.

Mume wangu anauza vitambaa duka moja la Fordsburg, anatoka asubuhi anarudi jioni amechoka. Mimi nashinda nyumbani na binti yetu Shani, hajafika miaka mitatu, na kazi yangu ni kuoka. Scones, queen cakes, mkate wa maziwa. Oda zikikata nafuma kofia na sweta za watoto.

Sasa mwenye mtoto wa umri huo ananielewa. Septemba ikiingia na baridi ikakatika, mtoto hakai ndani tena. Anataka bomba, anataka tope, anataka kula maua ya ule mpichi uliochanua ukutani. Ukimtoa kwenye unga yuko kwenye sufu, anaiburuta ua mzima. Unabaki unacheka huku unataka kulia.

Hapo ndipo anapoingia Mama Béa.

Ni Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani, anakaa chumba cha nyuma. Kwa Wakongo mwanamke anaitwa Mama na jina lake mwenyewe, ni heshima tu, si kwamba ana mtoto anaitwa Béa. Muda wote niliokaa naye sijaona mtoto kwake, sijasikia habari ya mtoto. Mkimya, msali sana, cherehani inalia kutwa. Nikibanwa na oda alikuwa ananichukulia Shani, nami scones zikitoka nampelekea za moto. Tulienda vizuri kabisa.

Siku moja akaniambia atamshonea Shani gauni la Spring Day, ile siku watoto wa huku wanavaa maua maua kukaribisha joto. Nikafurahi.

Akasema basi niletee nguo yake moja aliyoivaa. Tena isiyofuliwa ni bora zaidi.

Wakuu, machale yakanicheza hapo hapo.

Kwetu Tabora nguo ya mtoto yenye jasho haitoki mlangoni. Nikamuuliza, tepu si unayo? Akanieleza kwa upole kwamba tepu kwa mtoto mdogo inadanganya, mtoto hasimami, anajikunja. Mafundi wa kwao wanapimia nguo iliyokwisha kuvaliwa, maana inaonyesha mwili unakaa wapi.

Maelezo mazuri. Na mimi maelezo yakiwa mazuri sana ndiyo nazidi kushtuka. Nikasema nitatafuta, na sikutafuta.

Spring Day ikapita, gauni hakuna. Ila Mama Béa haachi. Mara amemsimamisha Shani kwenye fremu ya mlango na kiganja juu ya kichwa. Mara anamzungushia vidole kifundoni. Nikitokea, anamwachia na kuniuliza habari za oveni. Nikawa namkazia macho kuliko keki zangu.

Halafu jioni moja namuogesha mtoto, nakuta mstari wa kalamu ya bluu umezunguka unyayo wake wote, kuanzia kisigino mpaka vidoleni. Nikamuuliza nani kakufanyia hivi. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha katuni, Mama Béa did it, huku anacheka.

Nikampigia dada yangu Tabora. Akasema, "Huyo kachukua unyayo. Na unajua unyayo unachukuliwa kwa kazi gani."

Mume wangu nilipomwambia, alisema walikuwa wanacheza, akaomba chai. Wanaume bwana.

Siku chache mbele nikaanua nguo, fulana ya njano ya Shani haipo. Ua ule hauingii mtu wa nje, geti lina kufuli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi nikakiona kwa macho.

Nikamkataza Shani kwenda kwake. Mtoto wa watu analia mlangoni kwa Mama Béa, anagonga kwa viganja viwili, mama wa watu hafungui kwa sababu ananiona nimesimama. Usingizi nikakosa. Binti akikohoa kidogo tu, nakaa kitandani namsikiliza anavyopumua. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba mwanangu anaondoka.

Mwishowe nikachoka kuogopa. Scones ziko ndani ya oveni, nikaziacha, nikavuka ua, nikasukuma mlango wake bila hodi.

Fulana ya njano imetandazwa juu ya meza, imezungushiwa chaki. Pembeni karatasi yenye unyayo wa mwanangu. Na kitandani nguo ndogo ndogo zimekunjwa vizuri: magauni, sketi, pajama. Zote saizi ya Shani, na hakuna hata moja aliyowahi kumpa.

Nikamuuliza, "Mwanangu unamshonea sanda, au unamshonea nini?"

Hakushtuka wala hakupandisha sauti. Akaketi pale kitandani.

"Hizi si za mutoto wako," akasema. "Ni za wangu."

Kumbe ana binti Bukavu, yuko na bibi yake. Alimwacha anatambaa, akaja huku kutafuta. Kazaliwa mwezi mmoja na Shani.

"Mimi sijue amekuwa mukubwa namna gani. Nikiuliza mama kwa simu, ananiambia, ah, amekuwa mukubwa sana. Sasa mukubwa, ni mesure gani hiyo, ni kipimo gani?"

Nikamuuliza kwa nini asiniambie tangu mwanzo. Akaniuliza yeye: ningekubali mwanangu awe kipimo cha mtoto wa mtu?

Nisiwadanganye wakuu, nisingekubali.

Na hata hapo sikuamini moja kwa moja. Alinionyesha picha ya kitoto kina mashavu, nikasema moyoni, picha ya mtoto yeyote anayo. Nikataka niongee na huyo bibi. Akapiga. Bibi akapokea, tukasalimiana, na nyuma yake nasikia mtoto anapiga mayowe, anakataa uji. Mayowe yale yale ya kwangu, ya kujikaza mpaka sauti inakatika. Hayo huwezi kuyatengeneza.

Nikakaa na mimi kitandani. Nililia jamani, sina la kuficha. Scones ziliungua zote, tulisikia harufu tukiwa tumeshikana mikono.

Kesho yake nilimpeleka Shani mwenyewe. Nikamsimamisha juu ya meza, nikamshikia mkate ili atulie, Mama Béa akampima kwa nafasi, mgongo, mabega, mapaja. Gauni moja alilifumua akalianza upya. Mimi nikafuma kofia ya sufu nyekundu, maana Bukavu ni milimani, kuna ubaridi. Furushi likaenda na mfanyabiashara mmoja wa kwao.

Wiki hii picha imekuja kwenye simu.

Gauni limeishia juu sana ya magoti. Mikono haifiki hata karibu na viganja. Niliumia kwa niaba yake, kazi yote ile, nikawa natafuta neno la kumpoza.

Mama Béa aliishika simu muda mrefu, anaikuza picha kwa vidole, anashuka miguuni, anarudi usoni.

"Ni murefu," akasema. "Baba yake ni murefu. Nilisahau."

Akaenda kukaa kwenye cherehani, wala hakuikanyaga.

Wakuu, simwambii mtu aache kushtuka. Mtoto ni wako, shtuka, na mimi nitashtuka tena kesho. Ila ukishtuka kamgongee mwenzako mlango umuulize, kabla hujapiga simu Tabora.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu mlioacha watoto nyumbani, mko Joburg, Uarabuni, Ulaya, popote. Nguo na viatu vyao mnavipataje saizi? Mnapimia kwa nani? Andikeni hata kwa kifupi. Mama Béa amekaa hapa pembeni yangu, mkasi mkononi, anangoja nimsomee.