Sufuria ya Pili

Jumamosi, 29 Oktoba 1988. Upepo wa vumbi tangu alfajiri. Adhuhuri mawingu yalisimama upande wa Mbooni, yakatuangalia, yakaenda zao. Mvua bado.

Nimechoka, na sitaki kuandika kama mtu anayejisifu, kwa sababu sijui kama nilichofanya jioni hii ni busara au ni uchovu tu.

Jambo lenyewe ni tumbo la mama mkwe wangu, ambaye namwita mwaitu, yaani mama, kama mume wangu anavyomwita. Tangu tulipovuna mbaazi, chakula hakimkai. Anakula kidogo, anashika ubavu, anasema ameshiba. Hospitali walimpa dawa, akameza mpaka zikaisha, akapata nafuu. Lakini mwili uliendelea kupungua. Mimi ndiye ninayemfunga leso, kwa hiyo naona.

Mume wangu ni msaidizi wa mpishi katika kambi ya Wachina wanaotengeneza barabara, huko chini njia ya Mombasa. Mpishi mwenyewe ni mzee wa Kichina. Mwaka jana mume wangu aliumwa tumbo hukohuko kambini, mzee akamkataza maji ya baridi na matunda, akawa anampikia uji mwepesi wa mchele na tangawizi mpaka akapona. Ni haki niseme kwamba wakati huohuo aliacha pombe, kwa hiyo uji usichukue sifa zote. Lakini yeye anaamini ni uji.

Alipomweleza mzee habari za mama yake, alirudi nyumbani na maswali kama karani wa kuhesabu watu.

"Mzee anauliza, mama hujifunika mchana?"

"Hata jua likiwa utosini," nikasema.

"Maji anataka ya moto ama ya mtungi?"

"Ya moto."

"Na ulimi wake una rangi gani?"

Nikamwangalia. "Ni mama yako. Muulize wewe."

"Mama watoto, wewe ndiye uko naye jikoni."

Basi nikaenda. Mwaitu alikuwa anapeta mtama. Nilipomwambia mwanawe anataka nimtazame ulimi, aliweka ungo chini polepole.

"Hao wote niliowazaa," akasema, "niliwachapa kwa kunitolea ulimi. Leo nikutolee wangu, wewe?"

Lakini alicheka, na alipocheka nikauona. Ulikuwa mweupe, wenye utando. Nikaenda nikasema mweupe, nikiomba nisiwe nimeona vibaya.

Jibu alikuja nalo mwisho wa mwezi uliopita. Kwa Wachina, alivyoeleza mume wangu, tumbo ni kama sufuria na chini yake kuna moto. Moto wa mwaitu umefifia. Kila chakula kina tabia yake. Kingine hupoza mwili na kingine huupasha, hata kama vyote vimetoka jikoni vikifuka mvuke. Mwenye baridi ndani apewe vya kupasha, mwenye joto jingi apewe vya kupoza, mpaka mizani isimame sawa. Mtama, malenge, tangawizi na supu ya mbuzi vinapasha. Tikiti maji linapoza. Na ndengu, yaani choroko, zinapoza.

Hapo kwa ndengu nilikaa chini. Sisi huku Kathonzweni ndengu ndiyo chakula, mtama ni wa kugombania na ndege. Ndani ya nyumba kulikuwa na gunia la ndengu na mahindi kiasi. Lakini sikubisha. Mimi niliyeishia darasa la nne, nibishane na elimu ya watu wengi hivyo? Na pengine ni kweli. Sijui mpaka leo.

Ndivyo nilivyoanza sufuria mbili. Ya ndengu na mahindi, yetu, kwenye mafiga yangu. Ya mtama, ndogo, niliiwashia moto mwingine nyumbani kwa mwaitu, hatua chache kutoka kwangu, asisumbuliwe na harufu ya chakula alichokatazwa. Kuni siku hizi ni mbali, maji ni ya kuchimba kwenye mchanga wa mto. Nilikuwa nachochea huku, nakimbia kule. Siku za kwanza alikula vizuri, hata uso ukang'aa. Halafu akaanza kubakisha. Mtama ukawa unaliwa na kuku, nao kuku wakanenepa. Nikadhani amechoka na mtama.

Alhamisi akasema anaenda Mutomo kwa binti yake. Akafunga kiondo chake, akakiweka mlangoni pake kungoja basi la Jumatatu. Nilimtazama mikono, nikajua akienda hivi alivyo, sitamwona akirudi kwa miguu yake.

Leo asubuhi nikamuuliza ni kwa nini.

"Umenirudishia moto wangu," akasema.

Zamani mwaitu alikuwa na mafiga yake na chungu chake. Macho yalipoharibiwa na moshi, aliniambia mbele ya mwanawe kwamba anazima moto wake na kuanzia siku hiyo atakula kwangu. Kwetu mwanamke hazimi moto wake hivihivi. Mimi mwenyewe ndiye niliyezoa majivu ya mwisho. Na ni mimi niliyeuwasha tena.

"Ni dawa, mwaitu," nikasema.

"Dawa mtu hupewa kwa kijiko. Mimi nimepewa jiko. Watoto wanakula kule, mimi huku peke yangu kama mtu wa kifua kikuu. Wanaopita njiani wanaona moshi mara mbili, wanajua hapa watu wamegawana."

"Ni mwanao aliyesema."

"Mwanangu anapikia Wachina. Hapa anayepika ni wewe."

Nilienda mtoni nikiwaza. Nikimrudisha kwenye ndengu, nimepuuza neno la mume wangu, na huenda namwongezea ugonjwa. Nikiendelea hivi, anaenda. Mtu mwingine angepata jibu haraka. Mimi nilirudi na maji tu.

Jioni nikakuta kuni zilizobaki ni za moto mmoja. Napenda kusema nilifikiri sana, lakini ukweli ni kwamba nilitazama zile kuni, nikachukua sufuria kubwa, nikaweka mtama na malenge na tangawizi ya kuponda, kwenye mafiga yangu. Watoto walinusa wakanuna.

"Hicho ni cha nyanya peke yake," mmoja akasema.

Mwaitu alisikia manung'uniko akaja mpaka mlangoni. "Ndengu zimeisha?"

"Zipo."

"Basi hawa wanaadhibiwa kwa kosa gani?"

"Leo sote tunakula hiki, mwaitu."

Aliingia, akachukua mwiko, akakoroga mpaka chini kabisa kama anayetafuta kitu kilichofichwa. Akatazama watoto, akanitazama mimi.

"Kumbe nyote mna baridi tumboni."

"Eeh. Hata mimi."

Sijui kama nilisema uongo. Yule mzee angetazama ulimi wangu huenda angeniambia nina joto jingi, na kwamba nawaharibia watoto mizani yao. Baba watoto akija nitamweleza yote, akasirike au acheke.

Mwaitu akakaa kwenye kigoda chake cha zamani, akashika bakuli. Akasema chumvi ni kidogo. Akasema malenge hayakuiva, na kweli hayakuwa yameiva vizuri. Hakumaliza. Lakini kilichobaki alimpa mjukuu mdogo, si kuku.

Kiondo bado kimefungwa pale mlangoni pake. Ila alikifungua kidogo juu, akatoa kikombe chake.

Tumekula uji mzito wa mtama na malenge, wenye tangawizi, sote kutoka sufuria moja, na chai ya rangi.