Bi Mkasi na Barua za Hongera

Fundi wa nguo waliyemwita Bi Mkasi hakuwa mtu wa kuchezewa, na ile kompyuta ya sebuleni, kando ya cherehani, ilikuwa imemchezea vya kutosha. Kila asubuhi ilimletea hongera kama hamsini: umeshinda gari, umeshinda safari, bofya hapa. Mumewe, dereva mstaafu anayemwamini kila mtu, alibofya. Kompyuta ikaugua wiki nzima.

Bi Mkasi akajifunga kibwebwe. Alilinganisha machujio matatu ya barua taka, akayakataa mawili kwa kuwa yaliuliza maswali mengi kuliko mama mkwe, akaweka la tatu. Kisha akaliamuru mwenyewe: barua yoyote yenye neno "hongera" au "umeshinda" itupwe kwenye folda ya taka. Zikatoweka zote. Alitamba nyumba nzima.

Kumbe alikuwa ameomba kazi ya kushona sare za wauguzi wa hospitali kubwa, kazi ya mwaka mzima, ambayo ingewarudisha kwenye cherehani wenzake wawili waliokaa bure tangu karakana yao ifungwe. Majibu yangekuja kwa imeili. Siku zikapita bila barua.

Ijumaa saa tano na nusu asubuhi simu ikalia. Alikuwa bwana stoo wa hospitali.

"Mama, vipi, kazi huitaki? Tumekuandikia tangu Jumatatu. Saa sita kamili tukiwa hatuna jibu la maandishi, anapewa mwingine."

"Mmeniandikia nini?"

"Si tulikupongeza! Hongera, umeshinda zabuni."

Bi Mkasi akaikimbilia kompyuta. Kwenye folda ya taka kulikuwa na barua mia tisa, na kila moja ikimpongeza.

"Tuzifungue moja moja," mumewe akasema, mkono tayari kwenye kipanya.

"Toa mkono hapo, baba watoto, nisije nikakuchuja na wewe!"

Nguo ya mteja aliikagua siku zote kwa kuigeuza upande wa ndani, kwenye mishono. Basi na hapa akaachana na maneno matamu ya juu, akazipanga barua kwa anwani za watumaji. Zikapita anwani za ajabu ajabu, namba na herufi zisizotamkika, halafu hiyo hapo, jina la hospitali likiwa kamili. Saa sita kasoro dakika nane. Akaandika kwa vidole viwili, "Nimeikubali kazi," akatuma. Papo hapo akaifuta amri yake ya maneno, akaiweka anwani ya hospitali kwenye orodha ya watumaji wanaoaminika.

Zilibaki dakika mbili jibu lilipoingia, juu kabisa ya kikasha cha barua: "Tumepokea. Njoo Jumatatu uchukue vipimo."

Furaha ilimjaa hadi machozi. Akampigia simu mwenzake wa kwanza.

"Acha unachofanya, mwenzangu. Jumatatu tunarudi kazini."

Upande wa pili vilipigwa vigelegele, na Bi Mkasi akavipokea akiwa amesimama katikati ya sebule.